Kangeta: Jani Limeshuka Pwani, Adabu Yake Imebaki Mlimani

 

Twaanza na neno moja ambalo vijana wetu wengi wanalijua na wazee wao hawaliulizii. Katika baraza na vijiwe vya Mombasa, Malindi na Lamu, likitajwa jina la Kangeta, kijana hafikirii mji. Hufikiria bunda: vijiti virefu vya miraa vilivyofungwa ndani ya jani la mgomba, vyenye bei yake na wanunuzi wake. Ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba jina hilo ni la mji ulio hai, wenye soko na skuli, wenye akina mama wanaoamka alfajiri kuwasha moto, na wenye akina baba wanaohesabu karo ya watoto kama tunavyoihesabu sisi.

Juma hili tumeona tuuandikie mji huo. Tunataka msomaji aujue unavyokua, unavyokula na unavyopumzika. Tunataka pia tuulize swali ambalo kila nyumba ya Pwani yafaa ijiulize: tumechukua nini kutoka mlimani, na tumeacha nini huko huko?

Mji ulipo

Kangeta iko katika Kaunti ya Meru, eneobunge la Igembe ya Kati, kwenye vilima vya Nyambene. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, kisha mpaka mji wa Meru ni kilomita nyingine zaidi ya 200 kwa njia inayopita Embu na Chuka, chini ya bega la mashariki la Mlima Kenya. Karibu na Meru msafiri huvuka mstari wa Ikweta, na kutoka hapo barabara hugeuka kuelekea kaskazini mashariki, ikapanda vilima hadi Kangeta, na mbele kidogo ikafika Maua, mji mkubwa zaidi wa upande ule.

Vilima hivyo ni vya volkano ya kale. Udongo wake ni mwekundu, mzito na wenye rutuba. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na mtu wa Pwani aliyezoea shuka moja hujikuta akiomba blanketi la pili. Mashamba ni madogo na yamebanana, lakini hakuna kipande kilicholala bure. Chini ya miti ya miraa kumepandwa mahindi na maharage. Kando yake imesimama migomba. Na mashina mengine yamekumbatiwa na mizabibu ya viazi vikuu iliyopanda juu kutafuta jua. Upande wa juu zaidi, kwenye baridi, kuna majani ya chai yanayopelekwa katika viwanda kama Kiegoi na Michimikuru.

Udugu wa zamani

Kabla hatujasema habari za jani, twawakumbusha wasomaji jambo ambalo halisemwi sana barazani. Wazee wa Kimeru wana mapokeo kwamba mababu zao hawakuanzia mlimani. Wanasema waliishi mahali palipoitwa Mbwaa, penye maji pande zote, chini ya watu waliowatumikisha, ambao mapokeo huwaita Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana, hata kiongozi wao, Koomenjoe, akawatoa usiku na kuwavusha maji yaliyopasuka njia. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, na waliovuka mchana wakaitwa weupe; na makundi hayo matatu ya koo yanatajwa mpaka leo.

Msomaji wetu atakikumbuka mara moja kisa cha Nabii Musa alayhi salaam, na si yeye peke yake. Watafiti nao wameuona mfanano huo na kuujadili. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru, aliona kuwa Mbwaa huenda ni kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Wapo wanaokubali na wapo wanaotilia shaka. Lakini hata tukiyachukua kama mapokeo tu, yana somo kwetu: mtu wa Nyambene anapotutazama sisi wa Pwani, huenda anamwona jirani aliyeachana naye zamani, tena kwa machungu. Basi inafaa tumwendee kwa heshima.

Na kuna kiungo kingine kisicho na shaka. Mvua inayonyesha Nyambene hushuka kwa mito kama Ura na Rojewero, ikaingia mto Tana, na Tana humwaga maji yake baharini upande wa Kipini. Maji anayochota mama wa Tana Delta yamechanganyika na mvua ya Kangeta.

Soko linalokimbizana na saa

Anayefika Kangeta kwa mara ya kwanza hushangazwa na haraka. Miji mingi ya bara husongamana siku ya gulio. Huku soko ni la kila siku, nalo lina saa zake. Wachumaji huingia mashambani mapema, wengi wao vijana wembamba, kwani matawi ya juu hayabebi uzito wa mtu mzima. Vijiti hukatwa, huchambuliwa kwa urefu na rangi, hufungwa, kisha huviringishwa katika majani mabichi ya mgomba ili visikauke. Majani hayo ya mgomba nayo ni biashara, na akina mama wengi wanaishi kwayo.

Sababu ya haraka ni maumbile ya jani lenyewe. Kiini kinachochangamsha, ambacho wataalamu hukiita kathinoni, huanza kupungua nguvu mara jani linapochumwa, na baada ya siku mbili hivi miraa huwa haina bei. Kwa hiyo pikapu husubiri injini zikiwa moto, na zikishapakiwa huteremka kuelekea Nairobi kwa mwendo ambao nchi nzima inaujua na kuuogopa. Mzigo mwingine huingia ndegeni kwenda Somalia, na mwingine huendelea kwa barabara mpaka kwetu.

Aina ni nyingi, na majina yake yana historia. Iko giza, iko alele, iko hiyo kangeta iliyochukua jina la mji. Inayoheshimiwa kuliko zote ni ile itokayo katika miti mikongwe inayohusishwa na rika la Mbaine. Miti hiyo haikatwi ovyo. Mwenye shamba huijua kama anavyojua makaburi ya wazee wake.

Mji uliojengwa kwa jani

Hakuna haja ya kuficha ukweli: jani hili limejenga. Nyumba za mawe zilizochukua mahali pa nyumba za mbao, maduka ya vifaa vya ujenzi, vituo vya pesa za simu, bodaboda zilizojipanga njia panda, ada za watoto waliofika vyuo vikuu, yote hayo kwa sehemu kubwa yametoka shambani. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, miji kama huu imepanuka, na kule Nchiru, kwenye barabara hiyo hiyo ya kutoka Meru kuja Maua, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimewapa vijana wa vilimani nafasi ya kusoma bila ya kuhama kwao.

Lakini nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja hutikisika na kila upepo, na Kangeta imeonja pepo kadhaa. Zamani serikali ya kikoloni ilijaribu kuizuia miraa, hasa isifike sehemu za kaskazini, na haikufaulu. Miaka ya karibuni pigo kubwa lilitoka Ulaya. Uholanzi ilipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza, iliyokuwa ikiingiza zaidi ya tani 2,500 kwa mwaka, ikafunga mlango tarehe 24 Juni 2014. Wakulima waliokuwa wamekopa wakitegemea soko la London walibaki na madeni. Mwaka 2016 sheria ya mazao ilirekebishwa na miraa ikatambuliwa rasmi kuwa zao la biashara. Kisha Machi 2020 Somalia ikasimamisha ndege za miraa, na soko hilo halikufunguka mpaka Julai 2022. Kwa miaka miwili na zaidi, familia nyingi za Igembe zilijifunza maana ya kulala na hesabu isiyotimia.

Hata uwanja wa ndege wa Isiolo, uliozinduliwa mwaka 2017 jirani kabisa na Meru na kutarajiwa kuwa mlango wa kusafirishia miraa, haukuchukua nafasi ya Nairobi. Tunayasema haya ili tunapozungumza juu ya madhara ya jani, tusisahau kuwa upande wa pili wa kila amri ya kufunga soko kuna sufuria ya mtu. Muislamu hafurahii njaa ya jirani yake.

Adabu iliyobaki nyuma

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Wameru hawakuanza kuitumia miraa kama inavyotumika leo vijiweni. Katika mila zao lilikuwa jani la wazee. Lililiwa katika vikao vya kusuluhisha ugomvi, penye mazungumzo marefu yanayohitaji subira na macho makavu. Kijana hakuketi akatafuna mbele ya wakubwa wake, na mtoto hakuwa na sehemu kabisa. Katika posa, bunda maalumu lilipelekwa kwa wazee wa upande wa binti, na kulipokea kulikuwa na maana yake, kama ambavyo kwetu uchumba una taratibu zake na zawadi zake. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru, limekuwa mlinzi wa mila za namna hiyo.

Kwa hiyo jani lilikuwa na mipaka mitatu: umri wa mlaji, mahali pa kuliwa, na sababu ya kuliwa. Biashara ilipolichukua ikalishusha mlimani, ilibeba vijiti na majani, mipaka ikaachwa. Lililofika Pwani ni jani lisilo na adabu yake. Hula aliye na miaka 16 kama anavyokula aliye na 60. Huliwa asubuhi na usiku wa manane. Huliwa bila ya shauri lolote la kusuluhisha, isipokuwa kuupitisha muda.

Wala tusidhani mlimani kumesalimika. Huko nako mipaka imebomoka. Mvulana mwepesi wa kupanda mti hupata fedha ya siku ile ile, na fedha hiyo humfanya auone ubao wa skuli kuwa ni upotezaji wa wakati. Walimu na viongozi wa Igembe wamelia miaka mingi kwa wavulana wanaoacha masomo kwa ajili ya kuchuma. Basi mama wa Kangeta na mama wa Kisauni, ambao hawajapata kuonana, wana kilio kimoja: mwana anaondoka asubuhi na mama hajui atarudi na nini. Mmoja amenyang'anywa na mti, mwingine na jani la mti ule ule.

Sisi wa Pwani

Kwa insafu yafaa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Miraa ya vijiti hutoka Nyambene, Kaunti ya Meru. Muguka, ambayo vijana wa Mombasa huiita mogoka, ni majani machanga yatokayo zaidi Embu, katika mashamba ya Mbeere, na kwa kuwa ni rahisi kuliko miraa, ndiyo iliyoingia kwa nguvu kwa vijana wasio na kipato. Kumlaumu mtu wa Kangeta kwa kila jani linalotafunwa Likoni si haki.

Wasomaji wanakumbuka yaliyotokea Mei 2024. Tarehe 23 ya mwezi huo Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alitoa amri ya kuzuia kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa muguka katika kaunti, na Kilifi ikafuata. Akina mama wengi walishangilia. Siku chache baadaye Rais William Ruto alitangaza kuwa amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha utekelezaji wake wakati kesi ikisikizwa. Kwa hiyo katika juma moja jani lilifukuzwa na likarudishwa.

Tukio hilo lilitufunza jambo. Sheria ina nafasi yake, nasi hatuwazuii viongozi wetu kuitafuta. Lakini mlango ambao hauhitaji ruhusa ya mahakama ni mlango wa nyumba. Hakuna gazeti rasmi la serikali linalomlazimisha baba kumpa mwanawe mfano wa kutafuna sebuleni, wala hakuna hakimu anayeweza kumzuia mama kuuliza fedha ya chakula imekwenda wapi.

Na hasara ya kwanza huonekana mezani. Jani hili huondoa hamu ya kula na huondoa usingizi. Sinia limeandaliwa, watoto wameketi, na mwenye nyumba amesema hana njaa. Usiku mzima macho makavu. Alfajiri adhana inapita, na mtu ndiyo kwanza amelala. Kutwa ni hasira na uchovu, na jioni shilingi nyingine inatafutwa ya kuondolea uchovu huo. Mtoto anayekua katika nyumba ya namna hii anajua sura ya baba yake, lakini hajui mazungumzo yake, kwani mazungumzo yote yaliishia kijiweni.

Kauli ya wanazuoni

Tumeulizwa mara nyingi: je, miraa ni haramu? Jibu fupi ni kuwa ulamaa hawakuafikiana. Swali lenyewe ni la zamani. Katika karne ya 10 ya Hijria, ulamaa wa Yemen walihitilafiana juu ya qati, wengine wakisema yalevya na wengine wakikataa. Wakamwandikia Imamu Ibn Hajar al-Haytami, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyekuwa Makka, naye akatunga risala mahsusi juu yake. Hakukata kauli ya kuharamisha, kwa kuwa habari alizoletewa zilipingana, lakini alimuonya muumini ajiepushe nayo.

Msimamo huo una hekima kubwa kwa familia ya leo. Pale penye shaka, mafunzo ya Mtume (s.a.w.) hutuelekeza tuliache lenye kutia shaka, tushike lisilo na shaka. Na hata anayeshikilia kuwa jani lenyewe ni mubaha, hana la kusema mbele ya mambo yasiyo na hitilafu: kupoteza mali ni kosa, kuiacha swala ni kosa kubwa, na kuwanyima chakula wanaokutegemea ni dhulma. Kwa hiyo badala ya kubishana usiku kucha kuhusu jani, mtu na ajitazame katika matatu hayo. Akiona moja limeguswa, jawabu lake analo.

Chakula cha mlimani

Tungependa wasomaji wetu wajue kuwa Kangeta ina mengine ya kutupa, tena bora. Katika soko lake, kando ya miraa, kuna viazi vikuu vikubwa kama mapaja, nduma, ndizi za kupika, maparachichi, maharage ya rangi kadha wa kadha, na njahi, maharage meusi yenye ukanda mweupe ubavuni, ambayo upande wa Mlima Kenya hupikiwa mzazi ili apate nguvu, kama sisi tunavyompikia mzazi wetu uji wa pilipili manga. Chakula cha heshima ni mukimo, chakula kilichopondwa kikashikana, ambacho kila nyumba ina namna yake. Tunawaandikia akina mama namna moja ya ndizi, tukitia na mkono wa Pwani kidogo.

Kwa watu sita: ndizi mbichi za kupika 8, viazi mbatata nusu kilo, mahindi na maharage yaliyokwisha kuchemshwa vikombe 2, fungu moja la majani ya maboga, yaani msusa, kitunguu kimoja kikubwa, tui zito kikombe kimoja, na chumvi kiasi.

Menya ndizi na viazi, kata vipande, chemsha kwa maji yasiyozidi kufunika. Vikikaribia kulainika, tia msusa uliokatwa na kuondolewa nyuzi, funika dakika chache. Mwaga maji yaliyobaki lakini uyaweke kando. Kaanga kitunguu katika sufuria nyingine mpaka kigeuke rangi, tia mahindi na maharage, changanya, kisha mimina tui na uache lichemke polepole. Unganisha vyote na uponde kwa mwiko mpaka vishikane, ukiongeza yale maji kidogo kidogo ikiwa vimekauka. Mukimo haupaswi kuwa laini kama uji. Punje za mahindi zionekane. Andaa na mchuzi wa nyama au wa samaki. Huko mlimani tui halitiwi, lakini tunadhani mpishi wa Kangeta akionja hatatufukuza.

Sinia la mukimo linashibisha nyumba nzima, nalo huliwa kwa pamoja. Tuna hakika baba aliyekaa na wanawe akashiba mukimo hatakuwa na haraka ya kuondoka.

Matembezi ya familia

Kwa wenye uwezo wa kusafiri wakati wa likizo za skuli, Nyambene ni pahali pa kupumzisha macho. Kupitia Maua, barabara huteremka hadi lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa rasmi mwaka 1966, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 870. Hapa ndipo Joy na George Adamson walipomrudisha porini simba jike Elsa, ambaye habari zake zimesomwa dunia nzima, na kaburi lake liko humo. Mbuga hii iliwahi kuvamiwa vibaya na majangili. Mwaka 1988 vifaru weupe watano waliuawa humo. Baadaye ililindwa upya, na leo kuna hifadhi maalumu ya vifaru ndani yake. Watoto wataona twiga wenye madoa ya mraba na punda milia wenye mistari myembamba. Akina mama wa Lamu watafurahi kuiona mikoma imejipanga kando ya mito kama ndugu wa ile ya kwetu.

Msafiri Muislamu apange mambo ya chakula mapema na aulize bila ya kuona haya; watu wa vilimani wamezoea wageni wa Kisomali na Kiborana kutoka Isiolo na wanaelewa maana ya nyama iliyochinjwa kihalali. Akina mama wabebe nguo nzito, na watoto wafunzwe salamu ya wenyeji kabla ya kufika, kwani salamu ndiyo hodi ya mgeni.

Safari yenyewe yaweza kuwa fupi siku zijazo. Barabara ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo, ambayo ni sehemu ya mradi mkubwa ulioanza na bandari ya Lamu, iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021, ikikamilika itaupeleka mlango wa Pwani karibu na mguu wa Nyambene. Watu waliotoka Mbwaa, kama mapokeo yalivyo, watakuwa na njia ya moja kwa moja ya kurudi kuzuru. Ni juu yetu kuamua njia hiyo itapitisha nini: jani tu, au viazi vikuu, chai, maharage, wanafunzi, wachumba na wageni.

La kufanya nyumbani

Hatupendi kumaliza kwa kulaumu bila ya kuonyesha njia. Tunapendekeza mambo manne, nayo yanawezekana katika nyumba yoyote.

La kwanza, mlo mmoja kwa siku uwe wa nyumba nzima, kwa saa inayojulikana, na asiyekuja aulizwe kwa upole. La pili, mume na mke waandike matumizi ya mwezi kwa pamoja, kila kitu kwa jina lake. Fedha iliyoandikwa huona haya kupotea. La tatu, wazee wa mitaa na maimamu wakubaliane na wauzaji wa karibu kuhusu umri, kwamba hakuna mtoto wa skuli atakayeuziwa. Huu si uzushi mpya. Ni kurudisha mpaka ambao wenye jani wenyewe waliuweka. La nne, kijana asiondolewe kijiweni kwa matusi. Akiondolewa apewe pa kwenda: uwanja, darasa la jioni, kazi ya mkono, au mzazi aliye tayari kuzungumza naye. Kijiwe kilimpokea kwa sababu kilimsikiliza.

Na kwa ndugu zetu wa Kangeta, tunawaombea riziki pana zaidi ya jani moja, mashamba yao yarudi kuthaminiwa kwa viazi na maharage kama kwa miraa, na wavulana wao washuke mitini warudi darasani. Kwa wetu wa Pwani, tunawaombea watoto watulivu, akina baba wanaolala kwa wakati na kuamka kwa wakati, na masinia yanayozungukwa na wote.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kusikia lililo jema na kulifuata.